Siku Walipotoweka Nusu ya Wagonjwa

Nilikuwa fundi wa mfumo uliotunza taarifa za wagonjwa wa kisukari na presha kutoka zahanati nyingi za mkoa wetu. Tulikaa Singida mjini, chumba kimoja na seva zetu, kompyuta zilizohifadhi taarifa hizo. Kila mwezi mfumo ulihesabu wagonjwa, na kwa hesabu hiyo dawa ziliagizwa.

Diski moja ilikuwa imejaa, nikahamishia mafaili ya zamani kwenye diski mpya. Asubuhi iliyofuata nikakuta idadi ya wagonjwa imeshuka karibu nusu. Nikahesabu tena. Ikatoka ileile. Na oda ya dawa ilitakiwa kwenda alasiri.

Nikatafuta kwenye mfumo wagonjwa wa zahanati ya Issuna, anakotibiwa mama yangu. Hakukuwa na mtu hata mmoja. Nikampigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona sauti hiyo?"

"Dawa unazo?"

"Za wiki hii zipo. Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama."

Nikakata simu, nikageuka. Mkuu wangu, mwanamke asiyependa maneno mengi, alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Taarifa zimefutika?" akauliza.

"Sijui. Naomba oda isitoke kwanza."

Mwenzangu wa meza ya pili akashauri tufute kila kitu tupakie upya. Nikamshika mkono. "Usiguse. Kama bado zipo, ukifuta ndiyo basi."

Nikafungua diski mpya, nikiogopa kuikuta tupu. Mafaili yalikuwemo. Kumbe programu ya kuhesabu ilikuwa inasoma diski ya zamani tu. Nikaielekeza na kwenye mpya, nikahesabu tena. Safari hii idadi ikazidi ile ya mwanzo, na hapo woga ukanizidi kuliko asubuhi, maana sasa sikuamini namba yoyote. Baadaye nikagundua baadhi ya mafaili yalibaki kwenye diski zote mbili, watu wakahesabiwa mara mbili. Nikayachambua kwa namba za wagonjwa. Wa Issuna wakarudi wote.

Waliokosekana bado walikuwa wa zahanati ya Kinyangiri. Faili lao lilikatika katikati wakati wa kuhamishwa, na nakala ya akiba, iliyotolewa baada ya hapo, ilikatika palepale. Nikampigia muuguzi wa kule.

"Dada, kadi za wagonjwa unazo?"

"Ninazo kabatini."

"Naomba unisomee, tafadhali."

Alisoma polepole, akiniacha mara kwa mara kuhudumia watu, nami kila alipoweka simu chini nilidhani hatarudi.

Nilipoingiza kadi ya mwisho idadi ikakamilika, na oda ikatoka jioni. Mkuu akasema, "Nenda kapumzike." Sikuondoka. Nilikaa mbele ya kompyuta nikihesabu tena na tena, namba ikitoka ileile, mpaka mlinzi akaja kuniambia anataka kufunga.