Soma Mpaka Mwisho Kabla Hujampa Mwenzio

Naikumbuka vyema, mwanangu, siku niliyonyang'anywa riwaya nikiwa kitandani wodini. Umeniomba nikutajie vitabu vyepesi vya kumpelekea rafikiyo apumzike navyo likizo hii. Nitakutajia, lakini kwanza kaa nikusimulie.

Nilikuwa na mimba yangu ya kwanza. Presha ilipanda, nikalazwa hospitali ya Msambweni, nikaambiwa nisisimame wala nisishtuke mpaka nijifungue. Kutwa nikitazama feni. Nikamwomba wifi yangu Mwanakombo, aliyekuwa akisomesha sekondari Ukunda, aniletee riwaya ya kupitishia muda. Akaja na kitabu kinene.

"Usiposoma hiki," akanambia, "hujasoma."

Kilikuwa kizuri, sikatai. Kiswahili chake kilikuwa kitamu hata nikasahau sindano. Lakini katikati mke wa mhusika mkuu akashikwa na uchungu, damu ikamtoka, akafa yeye na mwanawe. Nilirudia kuusoma ukurasa ule. Masikio yakaanza kuvuma. Muuguzi alipokuja kunipima alitazama mashine, akanitazama mimi, akakichukua kile kitabu na kwenda kumwita daktari.

Alasiri baba mkwe wangu akaja. Alikuwa mwalimu wa madrasa kule Munje, mtu wa maneno machache, na nyumbani sote tulijua anavyoziona hadithi za kubuni: kupoteza umri.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kitabu gani kimekufanya hivi?"

Mwanakombo, ambaye ni bintiye wa kumzaa na alikuwa amerudi kunitazama, akaeleza huku ameinamisha uso. Nilingoja mzee apige marufuku riwaya zote.

"Mwanakombo," akasema, "ulipomchagulia mwenzio ulimtazama yeye, au ulijitazama wewe?"

Akaaga, akaondoka.

Presha iligoma kushuka. Madaktari wakaanza kunong'ona habari za kunipasua kabla ya wakati. Kila nikifumba macho namwona yule mwanamke wa kitabuni. Heri kufa macho kuliko kufa moyo, na wangu ulikuwa umeshaanza kufa.

Mzee aliporudi alikuwa na kijitabu chembamba, jalada limechanika, alichokipata kwa muuza vitabu vya mitumba wa Lunga Lunga. Akavuta kiti, akavaa miwani.

"Nimekisoma chote, hadi ukurasa wa mwisho," akasema. "Humu hamfi mtu."

Akanisomea mwenyewe, kwa ile sauti ya kusomeshea watoto herufi. Ilikuwa hadithi ya mpishi aliyekubali kupika harusi mbili siku moja, kila moja na kijiji chake. Mzee alipofika penye kichekesho alijikaza asicheke, ndevu zikamtikisika. Nikacheka. Wenzangu wa vitanda vya jirani wakacheka. Presha ikateremka, ijapokuwa si ya kuwazuia madaktari kunipasua. Asubuhi iliyofuata alikuwa akiendelea kunisomea machela ilipokuja kunichukua, na mpishi yuko njiani bado, sufuria ya pilau nyuma ya pikipiki.

"Baba, aliiwahi harusi ya pili?" nikauliza, machozi yananitoka.

"Sikwambii." Akakifunga kitabu. "Rudi uje usikilize."

Niliingia chumba cha upasuaji nikimfikiria mpishi. Na nilirudi, mwanangu, na mtoto wa kiume, mdogo kama kifaranga lakini analia kwa nguvu zake zote. Mzee akamwadhinia sikioni kwanza, ndipo akafungua kitabu pale alipoachia. Kile kinene cha wifi nilikuja kukimaliza miaka mingi baadaye, nikakipenda.

Basi sikiliza. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, ila kitabu si uji: muulize. Ametoka kuzika? Ameachwa? Amechoka tu na kazi? Usimpe mtu kitabu ili ajue kwamba wewe umesoma. Usimpe usichokifikisha mwisho, kwa kuwa mwanzo mtamu hauahidi kitu. Wala usikidharau kitabu chepesi. Kila chombo kwa wimbile, kila kitabu na siku yake, na kuna siku kicheko kimoja humvusha mtu pale ambapo hekima nzito ingemzamisha.

Nenda kamuulize kwanza, mwanangu, kisha urudi nikutajie vitabu. Mola akujaalie jicho la kumwona msomaji kabla ya kitabu, na huyo rafikiyo likizo yake imwie pumziko la kweli. Amin.