Mwana wa Adamu na Mifupa ya Kevo

Kila nikipita Coventry Road na harufu ya vitunguu vinavyokaangwa kwa mafuta ya kuku ikanipata, sikumbuki jiko letu, jamani. Nakumbuka la Shosho Hana. Alikuwa jirani yetu hapa mtaa wa Small Heath, huku ughaibuni, Myahudi, mjane, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Wayahudi wenzake walikuwa wamehamia upande mwingine wa mji zamani. Yeye alikataa katakata. Mama alikuwa akitunza wazee kwa zamu, kwa hiyo mimi na kaka yangu Kevo tukitoka shule tulikwenda kwake kungoja mzazi mmoja arudi. Mama alituonya tusimwite jina tupu kama watoto wa Kizungu. Tukamwita Shosho, kama tunavyowaita bibi zetu Kenya, naye akalipenda mpaka akawa anajitambulisha hivyo kwa daktari.

Mimi nilikuwa na miaka kumi. Kevo alikuwa na kumi na saba, na alikuwa amepagawa na mifupa. Shule iliwapeleka makumbusho, akarudi hana habari nyingine ila watu wa kale: wale wenye nyusi nene waliokaa mapangoni, wakawasha moto na kuzika wafu wao kabla hajazaliwa wa kuandika. Alichora mafuvu hata kwenye daftari la hesabu. Mimi alinipima kichwa kwa uzi, akatangaza kwamba bado sijakamilika kuwa mtu.

Siku moja akamtega Shosho mezani. "Nyinyi ndio wenye habari ya Adamu. Hii mifupa haikuudhi?"

Shosho alicheka mpaka akakohoa. Iniudhi kwa nini? Akaanza kutueleza, kijiko mkononi. Wazee wao wa dini, alisema, walibishana juu ya mwanzo wa dunia hata kabla mifupa haijachimbuliwa. Wako waliosema siku sita za uumbaji haziwezi kuwa siku kama zetu, maana jua lenyewe lilitokea siku ya nne. Hizo za kwanza zilipimwa kwa nini? Wengine walisema Mungu aliumba dunia akaibomoa, akaumba nyingine akaibomoa, ndipo akaridhika na hii. Na walipochimbuliwa ndovu wenye manyoya kutoka kwenye barafu, mmoja wa wazee hao, badala ya kukasirika, alishangilia: si mnaona, masalio ya dunia zilizotangulia! Kulikuwa hata na habari za mtu wa porini aliyefungwa ardhini kwa kamba ya kitovu chake, ukiikata anakufa. Hapo mimi niliacha kula. Tena wako wanaosema Adamu si lazima awe wa kwanza kuwa na mikono na miguu; alikuwa wa kwanza kusemeshwa na Mungu akajua anasemeshwa.

"Wewe unaamini ipi?" Kevo akauliza.

"Mimi? Inategemea siku." Shemeji yake, alisema, hakubali hata moja, kwake dunia haijatimiza miaka elfu sita, basi. "Tunabishana hapa hapa mpaka supu inapoa. Kisha anaomba nimwongeze."

Kevo alitoka pale anang'aa. Maskini, alidhani kila meza iko hivyo.

Baba alikuwa fundi kwenye karakana ya treni kule Tyseley, na mzee wa kanisa letu la Wakenya. Alikuwa mcheshi, msinielewe vibaya, lakini Jumapili hakuwa na mchezo. Na Kevo, katika siku zote, akachagua Jumapili. Ugali uko mezani, sukuma wiki inafuka mvuke, naye anamwaga yote kwa Kizungu: mapango, barafu, dunia zilizobomolewa. Sisi tulisikia Kiswahili vizuri, ama tulidhani hivyo, lakini tulijibu kwa Kizungu, na jambo hilo lilimuuma Baba kuliko alivyoonyesha. Alimsikiliza Kevo mpaka mwisho. Kisha akaweka tonge chini, akasema polepole:

"Sikia, kijana. Binadamu ni mwana wa Adamu. Ukimkana Adamu, wewe si binadamu."

Kwa Baba hayo yalikuwa maelezo ya neno. Neno lenyewe limembeba Adamu ndani yake, na aliyekua na Kiswahili akisikiliza vizuri atamsikia. Lakini Kevo alilijua kutoka mahali pamoja tu: kwa akina mama wa kanisani wakimsema mtu katili. Yule si binadamu, yule ni mnyama! Hiyo ndiyo sentensi aliyoisikia kwa baba yake mzazi, mbele yangu na mbele ya Mama.

"Sawa," akasema kwa Kizungu. "Basi mimi si binadamu."

Akavaa koti. Alikaa kwa rafiki yake kule Saltley, kisha chuo mji mwingine, kisha Kanada. Baba alisema njaa itamrudisha. Haikumrudisha.

Wiki ile nilimsimulia Shosho. Akashika kifua. Baba gani anamwambia mwanawe hivyo? Alitumia neno gani hasa? Nikamwambia: binadamu. Akanitaka nirudie, kisha akaweka kisu chini. "Ben adam," akasema. Kwa Kiebrania ndivyo mtu anavyoitwa, mwana wa Adamu, na Adamu mwenyewe jina lake liko karibu na neno la udongo. "Mungu wangu, hawa wawili wamegombana juu ya sarufi!" Mimi nilirudi nyumbani nikiimba benadamu-binadamu barabara nzima, maana kwangu ulikuwa mchezo wa maneno tu.

Yeye alivaa kofia yake nzuri akaja kumwona Baba. Baba alimpokea kwa heshima zote, akamwekea chai. Shosho akamwomba ampigie Kevo simu, amweleze alichomaanisha.

"Nilisema Kiswahili, mama," Baba akajibu. "Kama mtoto hajui Kiswahili cha baba yake, hilo nalo nimwombe msamaha?"

Shosho akamwambia kwamba wazee wao waliwahi kuuliza kwa nini Mungu alianza na mtu mmoja tu, wakajibu: ili pasitokee wa kumwambia mwenzake, baba yangu ni mkubwa kuliko wako. Baba akaitikia kwa kichwa, akamfungulia mlango. Baadaye Shosho alihamia makao ya wazee, akafia huko.

Baba tulimzika mwaka jana. Kevo alituma maua. Tukiwa tunakunja nguo za marehemu, Mama akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulijua. Baba, akinyoa ndevu bafuni, alikuwa akijaribu kuisema sentensi ile kwa Kizungu ili ampigie Kevo. Alijaribu hivi, akajaribu vile. Kila mara ilitoka mbaya zaidi, akaosha wembe, akaenda kazini.

Niliumia, nisiwafiche. Nilikuwa nimekua nikiamini kwamba waligombana juu ya mwanzo wa dunia. Wapi! Baba alikuwa akiona watoto wake wanamponyoka neno baada ya neno, akamwambia mwanawe kwa lugha pekee aliyoweza kumshikia: usijitoe kwetu. Kevo akasikia: toka. Na miaka yote hiyo imekwenda, haina wa kuirudisha.

Nikampigia Kevo. Nikamweleza neno, nikamweleza na habari ya bafuni.

"Si angeniambia tu kwa Kizungu," akasema, kwa Kizungu.

"Alijaribu, Kevo. Kwa Kizungu Adamu hayumo."

Kisha kaka yangu, ambaye sijawahi kumsikia akijibu kwa Kiswahili maisha yake yote, akaniuliza kwa kubabaika: "Baba... amezikwa wapi?"