Aliyemwamkia Mama Hapigwi Risasi

Ndoa yangu ilipovunjika nilirudi Newala kwa mama nikiwa na begi la nguo na mashine ya gemu. Vitu vingine vyote vilibaki nilikotoka na sikuvidai. Mashine niliibeba kwa sababu ndicho kitu pekee ambacho hakuna aliyekigombania.

Ndani yake kulikuwa na gemu moja tu, ile ya askari wanaoshushwa kisiwani kwa ndege na kuwindana mpaka ibaki timu moja. Vijana wa nchi nzima walikuwa wamepagawa nayo. Mimi sikuwa kijana tena, lakini nilikaa sebuleni tangu chai ya asubuhi, pazia limefungwa, napiga watu. Mama alipita na ndoo, akapita na kuni, akapita na ungo. Siku moja akaketi kwenye kiti cha pembeni, akaiokota pedi ya pili ya kuchezea iliyokuwa imelala sakafuni.

"Hii nayo ya nani?"

"Ya mchezaji wa pili."

"Yuko wapi?"

"Hayupo."

"Basi nionyeshe pa kubonyeza," akasema, na kujifunga khanga vizuri.

Hivyo ndivyo mama yangu, mkulima wa korosho, mjane, mtu wa swala tano, alivyoanza kuua watu. Kioo cha televisheni kiligawanyika nusu mbili, yeye juu, mimi chini. Mwanzoni alitazama nusu yangu akidhani ni yake, akawa anajisifu kwa kazi ninayoifanya mimi. Alipoijua nusu yake, akaja na mtindo ambao sijauona kwa mtu mwingine. Mama haendi vitani, mama anaokota. Korosho huanguka zenyewe, na anayejua kazi hapiti chini ya mkorosho akaiacha hata moja. Basi kila nyumba ya kisiwa kile aliisafisha: risasi, bandeji, kofia za chuma, hata vitu vya bunduki asizokuwa nazo. Mimi nje nakufa, namwita, naye ananijibu, "Subiri, kuna kitu kimelala hapa nyuma ya mlango."

Nikajua mama ameingiwa na gemu kuliko mimi. Jioni akimaliza kazi zake ananiuliza yeye mwenyewe, "Hatuchezi leo?" Nami namhurumia, nawasha.

Baadaye nikapata kazi Masasi, kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi karibu na stendi. Nikapanga chumba, na mashine nikamwachia yeye ili asikose kitu cha kumchangamsha. Nikawa napanda mlimani Newala mwisho wa wiki, tunacheza, nashuka. Masika yakaja na radi zake. Moja ikapita kwenye waya wa umeme, ikaingia sebuleni, na mashine ikatoa moshi na kunyamaza. Tangu siku hiyo nikawa napanda mara chache. Nilijiambia kwamba bila gemu mama hana haja sana na mimi.

Mjomba, kaka yake mama, ndiye aliyeitisha kikao. Kwetu neno la mjomba ni zito, na huyu wa kwangu hulisema akiwa amefumba macho ili usipate pa kumjibia. Akasema haiwezekani dada yake akae nyumba nzima peke yake hana wa kuzungumza naye. Ahamie Masasi kwa mwanawe.

"Masasi kuna nini?" mama akauliza. "Joto na mawe. Mikorosho yangu nani ataiangalia? Nyumba hii mimi sitoki."

"Utatoka."

Nilimwona mama akiangalia ukuta wa nyumba aliyoijenga na marehemu baba, tofali kwa tofali, nikaumia. Ndipo nikaropoka. Miezi ile waliotengeneza ile gemu walikuwa wameihamishia kwenye kompyuta. Nikasema nitamletea mama kompyuta, mimi nitakuwa na ya kwangu dukani, na kila siku baada ya alasiri tutacheza na kuzungumza kama tumekaa chumba kimoja.

Mjomba akafumbua macho. "Wewe uko Masasi, yeye yuko Newala, mnapigana risasi?"

"Hatupigani sisi, mjomba. Tunawapiga wengine."

"Wamewakosea nini?"

Mjomba akafikiri, kisha akakata shauri. Baada ya mavuno atakuja mwenyewe, akae, atazame. Akiona dada yake kweli ana mtu wa kuzungumza naye, abaki nyumbani kwake. Akiona ni kioo tu, mama anashuka Masasi na hakuna kikao kingine.

Sikulala nikiwaza. Gemu yenyewe ilikuwa kubwa, nikaishusha dukani kidogo kidogo huku tajiri wangu akilalamika kwamba mtandao umekuwa mzito na mimi nikiwalaumu watu wa mtandao. Kompyuta nilipata iliyotumika, ya kusimama, nzito kama gunia. Nikaipakata kwenye basi kupanda mlima mpaka Newala. Abiria wa pembeni akaniuliza kama ni maiti ya redio.

Nilipoiwasha nikagundua uhuni wa wale waliotengeneza. Kwenye kompyuta kioo hakigawanyiki. Ile nusu juu nusu chini wameiondoa, kila mtu na kompyuta yake. Nilikasirika kama niliyeibiwa, ingawa kwa mpango wetu haikutudhuru kitu. Kilichotudhuru ni kipanya.

Mama alikuwa ameshazoea pedi. Kipanya alikishika kama anasugua sufuria. Akitaka kugeuka kulia anakivuta, kinavutika, meza inaisha, kipanya kinaanguka. "Meza fupi!" Nikamtafutia ndefu zaidi, nayo ikaisha. Mwishowe akaondoa meza. Akatandika mkeka, akakaa chini miguu ameinyoosha kama anavyokaa kubangua korosho, kibodi mapajani, kipanya kwenye mkeka. "Sasa shamba lipo," akasema. Vibonye vinne vya kutembelea akavipaka rangi ya kucha ya binti wa jirani. Tangu hapo kipanya hakikuanguka tena.

Mwezi haukuisha, akanipigia simu. Kompyuta imekuwa ya moto na inajizima yenyewe katikati ya vita. Nikamwambia hilo ni vumbi jekundu la Newala limejaa ndani, afungue ubavu, atafute kitu cha kupulizia. Mimi nilikuwa nafikiria pampu ya baiskeli.

Mama akamwita jirani mwenye mashine ya kupulizia mikorosho. Ni ile inayobebwa mgongoni, yenye injini na bomba linalofikisha dawa mpaka kileleni. Jirani alikuwa ametoka nayo shamba wakati huohuo. Akaingia nayo sebuleni, akaelekeza bomba kwenye kompyuta, akavuta kamba. Kwenye simu nilisikia mngurumo, kalenda ikipasuka ukutani, kuku wakikimbia, halafu watu wawili wakikohoa kwa muda mrefu.

"Mama! Vumbi limetoka?"

"Limetoka," akasema alipopata pumzi. "Imeingia salfa."

Chumba kizima kilikuwa cha njano kwa unga wa dawa ya mikorosho, na mama na jirani pia. Niliifuata mwenyewe Jumapili iliyofuata nikaifuta kwa mswaki, na cha ajabu ikafanya kazi vizuri kuliko mwanzo. Jirani akadai asifiwe. Alisema kompyuta nyingine zote za Newala zitapata ubwiriunga, ule ukungu unaoua maua ya mikorosho, mwaka ule, isipokuwa hii.

Tukaanza sasa kucheza kweli. Alasiri ikipita, mimi naweka hedifoni dukani, nusu nacheza, nusu natoa kopi za vyeti vya watu. Nimewahi kumrudishia mteja cheti cha kuzaliwa cha mtu mwingine kwa sababu nilikuwa nimevamiwa. Mama yeye hakujua kuzima maikrofoni na hakutaka kujifunza. Timu nzima ilisikia anavyofukuza kuku, anavyoulizana hali na wapita njia, anavyosoma dua ya kuingia kwenye ndege. Adhana ya magharibi ikisikika anatua bunduki na kuondoka, hata kama amebaki adui mmoja na ni kilema.

Kwenye kompyuta kulikuwa na jambo jingine tusilokuwa nalo zamani. Ukimkaribia adui, mnasikiana. Siku moja mama alikuwa amembana mtu nyuma ya ukuta, ananong'ona peke yake, "Upo hapa wewe, nakuona kisigino, njoo." Yule mtu, kwa sauti ya kijana, akasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, mama."

"Kwenu wapi?"

"Mwanza."

"Mbali huko. Hawajambo nyumbani? Haya, pita. Uangalie huko mbele, kuna mwanangu anapiga ovyo."

Yule kijana akapita, akaja moja kwa moja nilipokuwa, akaniua.

Nikampigia mama simu nikiwa nimefura. "Mama, yule ni adui!"

"Ameniamkia."

"Amekuamkia ili asife!"

"Na mimi nimeitikia. Nikishasema marahaba nimpige vipi? Nitakuwa mtu wa namna gani?"

Habari zikaenea kuliko tangazo la mnada wa korosho. Ikawa tukishuka kisiwani, shikamoo zinatoka vichakani, juu ya mapaa, ndani ya magari. Mama anaitikia zote, anauliza kwao, anawapita. Tulishindwa kila siku. Mara moja tu kijana mmoja alimwamkia kisha akampiga risasi mgongoni. Mama hakupiga kelele. Alimuuliza taratibu, "Si wewe uliyeniamkia sasa hivi?" Akarudia. Yule kijana akasema, "Samahani, mama," na akajitoa kwenye gemu mwenyewe.

Mavuno yakaisha, na mjomba akatimiza ahadi, akaenda Newala kukaa pembeni ya mama. Alasiri ile niliomba ruhusa nisitoe kopi. Nilipanga nizungumze kwa wingi ili mjomba asikie kwamba mama ana mwenzake, nikawa namuuliza habari za mbuzi, za kisima, za shangazi, huku tunakimbia kwenye mvua ya risasi. Mama ananijibu vizuri. Nikamsikia mjomba akivuta kiti, akiguna, akiuliza yupi ni mimi. "Yule mwenye kofia, anayelala lala," mama akasema. Nikaona tunashinda.

Tukaingia kwenye nyumba moja, nikamwambia abaki kulinda mlango, mimi napanda juu. Nikanyamaza nikisikiliza nyayo za adui. Mjomba naye, kwa kuwa hanisikii tena, akadhani nimeondoka.

"Niambie kweli, dada," akasema. "Mchezo huu unaupenda?"

Nilitabasamu kule Masasi. Nilikuwa najua jibu.

"Siupendi hata chembe," mama akasema. "Kichwa kinaniuma. Yale makelele, wale watoto wanaouana. Nilikuwa nauchukia tangu ile televisheni."

"Sasa?"

"Sasa nifanye nini, kaka? Alirudi kwangu hasemi. Hali chakula. Amekaa gizani anatazama kile kitu, na kile kidude cha pili kimelala chini hakina mtu. Nikakishika. Kidogo kidogo akaanza kunifokea, nikashukuru Mungu, mtoto amepata sauti. Huko Masasi anakaa chumba kimoja na nani? Nikiuacha mchezo huu atazungumza na nani jioni?"

Mimi nilikuwa nimesimama kwenye ngazi za ile nyumba, yaani yule mwenye kofia alikuwa amesimama, wala hajifichi. Kibodi siioni. Nilikuwa nalia dukani, mchana kweupe, na mwanamke mmoja mlangoni ameshika picha za pasipoti hajui aingie au aondoke. Miezi yote ile nilijiona mwana mwema anayemwondolea mama upweke, kumbe mpweke aliyekuwa akihudumiwa ni mimi.

Wakaja maadui wanne, wakanimwagia risasi ngazini.

"Umelala?" mama akafoka. "Mbona umesimama kama mti wa umeme? Mwanangu! Uko wapi?"

"Nipo, mama," nikasema.

Hukumu ya mjomba ilikuja kwa simu kesho yake. Hakusema kama alijua nilisikia. Alisema dada yake atabaki nyumbani kwake, kwa kuwa yeye pale hajaona mpweke. "Ila wewe, mpwa wangu, kila Ijumaa upande gari uje ule kwa mama yako. Usipoonekana nitashuka nikufuate, na mimi huko kwenye mawe yenu sipapendi."

Ijumaa ya kwanza nilifika jua likiwa bado juu. Mjomba alikuwa barazani. Nikamwamkia, nikaingia, nikamkuta mama ameshatandika mkeka na kibodi iko mapajani. Alinitazama usoni kwa muda, kama anayetafuta kitu alichokiacha hapo.

"Tucheze?" akauliza.

"Leo hapana, mama. Tukae tu."

"Alhamdulillahi!" akasema, kwa haraka na kwa sauti kubwa mno, mpaka mjomba akaangua kicheko kule nje, na mama akainuka kwenda kubandika chungu.