Tembo na Punda Kwenye Ghorofa ya Tisa

Juzi nilikuwa saluni nasukwa. Televisheni ya ukutani ilikuwa imewashwa bila sauti na, kama kawaida, ilikuwa siasa za Marekani: wanaume wawili wenye tai wanabishana na maandishi yanakimbia chini yao. Msusi wangu, binti wa Bujumbura mwenye vidole vyepesi, akaniuliza hivi hivi tu, "Dada, ungekuwa Mmarekani ungempigia kura nani?"

"Tembo," nikamjibu.

Vidole vikasimama. Mteja wa kiti cha pili akaondoa taulo sikioni ili asikie vizuri. "Tembo? Chama cha wahafidhina? Wewe, mkimbizi mzima?"

Saluni yote ikacheka, nami nikacheka nao, maana nimezoea. Ningewaeleza, lakini maelezo yenyewe yana safari ndefu. Yanaanzia Etobicoke, kaskazini ya mpaka wa Marekani, ghorofa ya tisa, mwishoni mwa miaka ya tisini, mwaka ule ambao karibu ninyang'anywe wadogo zangu.

Tulitoka Bukavu na mama, watoto wanne: mimi, mdogo wangu wa kike anayenifuata, na mapacha wawili wa kiume. Baba tulimwacha kaburini huko. Mama tulimzika hapa, theluji ikiwa imefika magotini, majira yetu ya pili ya baridi. Nilikuwa na miaka kumi na minane, mdogo wangu kumi na miwili, mapacha saba. Wiki ile ile niliacha shule, nikapata kazi kwenye ghala la mizigo kule Malton, ubavuni mwa uwanja wa ndege. Ofisi ya ustawi wa watoto ilikubali niwalee wadogo zangu "kwa muda". Maneno hayo mawili yalikuwa kwenye barua yao, na niliyasoma mara nyingi kuliko aya yoyote ya Biblia.

Ukiniuliza ujana wangu ulikuwa na harufu gani, nitakuambia ni harufu ya korido ile: vitunguu vya watu wa Jamaika, samaki wa chumvi wa kwetu, na dawa ya mende waliyopuliza kila mwezi bila mende kujali. Chuma cha kupasha joto kiligonga ukutani kama mtu anayetaka kuingia. Ndege zilipopita chini chini, sahani zilitetemeka kabatini, na mapacha walishindana kutaja zinakotoka. Kwetu mtoto wa kwanza huitwa yaya, awe wa kike au wa kiume. Yaya hula mwisho na hukaripia kwanza. Mimi nilikula mwisho na kukaripia kutwa nzima.

Kanisa lilitupa televisheni yenye antena ya masikio mawili. Kwa kuwa tulikuwa juu na ziwa liko karibu, antena ile ilinasa stesheni za Buffalo, ng'ambo ya mpaka, kuliko hata za mjini petu. Ndiyo maana wadogo zangu walilelewa na Marekani wakati mimi nipo kazini. Walijua nyumba zilizoungua Buffalo kabla ya kujua jina la meya wetu. Walijua nyimbo za matangazo ya nafaka tusizozinunua. Mapacha walivaa suruali zikiwa nusu makalioni kwa sababu vijana wa kwenye muziki walivaa hivyo, nikawashonea mikanda ya kitenge, wakalia.

Nilikuwa mhafidhina kabla sijalijua neno lenyewe. Nilikaa kwenye kochi baada ya zamu, miguu ndani ya beseni, nikatazama zile tamthilia zao za kuchekesha, na sikucheka. Kila nyumba ilikuwa na baba, na kila baba alikuwa mjinga. Mkewe anamcheka, watoto wanamcheka, hadhira isiyoonekana inamcheka. Mimi niliwaza, jamani, mnaye baba sebuleni, mnamfanyia hivi? Sisi tungempokea hata yule mjinga. Na vipindi vya alasiri vilikuwa vibaya zaidi: watu wanaletwa jukwaani kufichuliana siri za ukoo, viti vinarushwa, watazamaji wanapiga makofi. Kwetu jambo kama hilo huzungumzwa mlango ukiwa umefungwa, na mtu mzima mmoja huletwa asuluhishe. Hata leo sijabadili mawazo. Jamii inayouza aibu zake kati ya tangazo la sabuni na tangazo la gari inapoteza kitu, na haitakipata dukani.

Mtu pekee aliyekubaliana nami alikuwa mzee wa ghorofa ya tatu, Mgoa aliyezaliwa Kampala, karani mstaafu, mjane, Mkatoliki wa misa ya kila siku. Kiswahili chake kilikuwa cha ofisini, kimenyooka kama mstari wa rula. Alizipenda siasa za Marekani kama wengine wanavyopenda mpira. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba kuna chama cha tembo na chama cha punda.

"Mimi ni tembo," alisema kwenye lifti. "Kura sina, lakini moyo ninao."

"Na mimi basi, mzee."

"Wewe hujui hata sera zao!"

"Wanasema serikali isiingie nyumbani kwa mtu. Hiyo inanitosha."

Alicheka mpaka lifti ikapita ghorofa yake.

Mwaka ule bunge la Marekani lilikuwa linambana rais wao kwa uongo kuhusu mambo yake ya faragha. Kila stesheni ilikuwa hiyo hiyo, mchana na jioni, kwa maneno ambayo sikutaka pacha wa miaka minane anitafsirie. Siku moja, wakati wa chakula, aliniuliza kwa Kiingereza swali ambalo siliandiki. Kesho yake niliing'oa antena, nikaitia ndani ya mfuko wangu wa chakula, nikaenda nayo kazini. Nikaendelea hivyo kila siku. Masikio yalichomoza juu ya begi ndani ya basi, abiria wakanitazama, nami nikawatazama.

Mdogo wangu, sasa ana kumi na mitatu, aliwaka moto. Alikuwa amezoea kunijibu kwa Kiingereza, lakini siku hiyo alitumia Kiswahili ili kinichome vizuri.

"Marekani mtoto anaweza kumshtaki mzazi. Nimeona. Walimpigia makofi."

"Hapa si Marekani."

"Na wewe si mzazi."

Nilimwambia aoshe vyombo. Aliviosha. Hatukuzungumza siku nne.

Siku ya tano ikaja barua ya ofisi. Mdogo wangu alikuwa amezungumza na mshauri wa wanafunzi shuleni. Alisema kwamba yaya huondoka saa kumi alfajiri, kwamba yeye ndiye anayewaamsha mapacha na kuwapeleka shule, na kwamba yaya hubeba antena. Yote yalikuwa kweli. Afisa angekuja Alhamisi saa kumi jioni kuona kama nyumba yetu inafaa. Isipofaa, barua ilisema, watoto watatafutiwa malezi mengine, na haikuahidi kwamba watakaa pamoja.

Sikumpiga. Sikumwuliza hata. Nilikunja barua, nikaiweka chini ya godoro, na kwa siku sita nilimkwepa. Yeye naye alinikwepa, akawa anafua soksi za mapacha bila kutumwa.

Sasa nikuambie kosa langu, na najua msomaji wa kwetu ataona mara moja jinsi lilivyotokea. Mgeni mkubwa anakuja, basi nilifanya ambavyo mama angefanya. Niliomba ruhusa kazini, nikasugua sakafu mpaka ikateleza. Nikapika wali, kuku wa nyanya, ndizi za kukaanga, na sombe, kisamvu cha kwetu, iliyogandishwa, niliyoipata kwa shida. Nikatandika kitambaa cha mama. Na kwa kuwa watoto hawakai sebuleni mgeni akiwepo, niliwaogesha, nikawavalisha mashati ya kanisani, nikawapeleka wote watatu kwa mzee wa ghorofa ya tatu.

Afisa alifika saa kumi kamili, mama wa makamo mwenye koti jeusi na faili. Alitazama meza. Nikamkaribisha. Akasema hawaruhusiwi kula kwenye nyumba wanazozikagua. Kwetu mtu anayekataa chakula chako ameshakuhukumu.

"Watoto wako wapi?"

"Nimewaondoa, ili wasikusumbue."

Kalamu ilianza kuandika. "Umewapeleka wapi?"

"Kwa mzee wa chini."

"Ni ndugu yenu?"

"Hapana. Ni jirani."

"Anaishi na nani?"

"Peke yake."

Kila jibu lilikuwa la kweli, na kila jibu lilinizamisha. Niliona uso wake ukikaza. Alifunga faili, akasimama. "Nataka kuwaona sasa hivi."

Lifti ya jengo lile ilikuwa ya polepole hata siku njema. Siku hiyo ilisimama ghorofa ya saba, ikasimama ya tano, na hakuna aliyeingia. Afisa alitazama namba juu ya mlango. Mimi nilijaribu kumkumbuka Mungu kwa lugha yoyote.

Kabla hatujagonga tulisikia makelele. Mwanaume anafoka, watoto wanapiga kelele. Afisa aligonga kwa ngumi. Mdogo wangu akafungua, na ndani tukaona mzee amesimama mbele ya televisheni yake, kidole juu, anamfokea mbunge wa Marekani. Mapacha walikuwa wamekaa kitini, mashati yamefungwa mpaka shingoni, mmoja akishangilia kama tembo na mwingine kama punda.

"Huyu mwongo!" mzee alikuwa anasema. "Mwongo na tai yake!" Kisha akatuona. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alizima siasa.

Afisa hakutabasamu. Alimwomba mdogo wangu waingie jikoni wawili. Mlango haukufunga vizuri. Mimi na mzee tulisimama ukutani, na nilisikia yote, kwa Kiingereza chepesi.

"Unataka kuendelea kukaa na dada yako?"

Bomba la maji lilidondosha tone, likadondosha jingine.

"Ananinyima televisheni," mdogo wangu alisema. "Anasuka nywele kwa nguvu. Anapiga kelele kuhusu viatu. Anadhani kila kitu cha Marekani ni dhambi."

Mzee alinishika mkono.

"Ndiyo sababu ulizungumza na mshauri?"

"Hapana." "Anasinzia akiwa amesimama. Anakula makombo yetu. Juzi aliungua mkono na pasi, hakusema. Nilizungumza ili mtu mkubwa aje amkemee. Sisi anatukemea yeye. Yeye hana mtu wa kumkemea."

Sikumbuki vizuri kilichofuata. Nakumbuka karatasi ya ukutani ya mzee, maua ya bluu, na kwamba niliyahesabu ili nisitoe sauti. Afisa alitoka jikoni, akafungua faili. Alinikemea kweli. Nisiwaache watoto peke yao alfajiri. Nitafute zamu inayoanza wakati wako shuleni. Nilale. Nimpe jina la mtu mzima wa kuitwa dharura ikitokea. Mzee akasema jina lake kabla sijafungua mdomo, akalitaja herufi moja moja, kikarani. Afisa angerudi mwezi ujao, na mwezi mwingine, mpaka aridhike. Watoto wangebaki.

Tulipanda juu, sote watano, tukala chakula kilichopoa. Mzee alisema sombe ni kama majani ya ng'ombe, akaongeza mara mbili. Mdogo wangu alikaa kando yangu na hakunitazama, ila alinichukulia paja la kuku, akaliweka kwenye sahani yangu wakati kila mtu bado anakula.

Nimeendelea kuwa mhafidhina, na simwombi mtu radhi. Naamini bado kwamba nyumba hulelewa na wenye nyumba. Lakini nikisikia wa upande wangu wakisema serikali isigonge mlango wa mtu kamwe, huwa nanyamaza kidogo. Mimi niligongewa, na aliyegonga aliandika yaliyokuwa kweli, akaondoka bila kuchukua kitu.

Mzee alifariki zamani. Jengo limepakwa rangi nyingine, na korido inanukia sabuni ya limau. Hakuna tena jioni ambapo watu wote wa nyumba wanatazama kioo kimoja na kugombana juu ya jambo moja. Kila mtu ana chake mfukoni, na anakasirika peke yake. Mapacha wana watoto wanaonielewa nikisema Kiswahili na kunijibu Kiingereza. Nilidhani siku zile za wasiwasi zikiisha sitazikumbuka kwa mapenzi. Nilikosea. Hakuna siku ambazo kazi yangu ilikuwa wazi kama zile.

Mdogo wangu anaishi Calgary. Ni punda wa kupindukia. Kila Jumapili baada ya misa hunipigia simu, na kabla ya salamu kwisha ameshaanza: yaya, chama chako kimefanya nini tena, yaya, hujaenda kupima presha, yaya, kwa nini bado unafanya zamu mbili, una umri gani sasa. Ananikemea nusu saa nzima. Naweka simu mezani, naongeza sauti, nakaa, na simkatizi.