Chumba cha Fadumo

Mimi Nasro mdomo wangu hauna breki, na soko lote la Kitengela linajua. Mtu akinipunja nitamwambia hapo hapo, awe mkubwa awe mdogo. Dada yangu Fadumo ndiye wa maneno machache. Mimi nikikasirika majirani wanafunga madirisha, yeye akikasirika ananyamaza tu. Kwa hiyo haya ya maktaba nitayasema mimi, maana yeye ukimwuliza atakujibu, "Nilisoma, nikamaliza," basi.

Polio ilimshika Fadumo akiwa bado anatambaa, ikachukua miguu yote miwili. Baba yetu, Jimale, alikuwa mchuuzi wa ng'ombe. Alinunua huko Kajiado akauza huku Kitengela, na wenzake wa mnadani walimwambia huyu msichana amkalishe nyumbani, ataenda shule kufanya nini. Baba hakubishana nao. Alimpandisha juu ya punda akampeleka. Fadumo akasoma, akasoma, hadi mwaka wa tisini na nane akaitwa chuo kikuu kimoja pale nje ya mji, kusomea ualimu wa historia. Siku hiyo baba alichinja mbuzi na mimi nililia mpaka kamasi.

Miguu yake nilikuwa mimi. Asubuhi namwachia mama kibanda changu cha nguo, namsukuma Fadumo kwenye kiti chake cha magurudumu hadi chuoni, nakaa naye, jioni namrudisha. Kukikauka ni vumbi tupu. Mvua ikinyesha, ule udongo mweusi wa Kitengela unashika magurudumu mpaka hayazunguki, na mimi nasukuma huku natukana.

"Abaayo," ananiambia, yaani dada kwa Kisomali, "punguza mdomo. Watu wanasikia."

"Wasikie! Halafu waje wasukume!"

Anacheka kidogo. Nilikuwa najua kumchekesha dada yangu, hiyo kazi nilijiona nimeiweza.

Sasa, maktaba ya chuo ilikuwa na orofa. Chini palikuwa na kaunta, magazeti na mahali pa kuacha mifuko. Vitabu vyote na meza zote za kusomea zilikuwa juu, na juu hakufikiki ila kwa ngazi. Hakuna lifti, hakuna njia ya magurudumu. Aliyechora hiyo nyumba sijui alidhani wanafunzi wote ni swara. Siku ya kwanza vijana walijitolea kumbeba. Fadumo akakataa katakata. Msichana wa Kiislamu abebwe na wavulana juu juu, dera limepanda, watu wanatazama? Wallahi hata mimi nisingekubali. Na mimi peke yangu nisingemweza. Basi akawa anasomea pale karibu na mlango, upepo unampeperushia karatasi na kila anayepita anampiga kikumbo.

Mtu wa kwanza kuumwa na roho alikuwa mzee Sironka. Huyu alikuwa mhudumu wa maktaba, Mmaasai wa Kajiado, kazi yake kurudisha vitabu kwenye rafu. Aliomba kile chumba cha chini kilichowekwa viti vilivyovunjika, akakifagia, akakipaka rangi kwa mikono yake. Meza akaiinua kwa vipande vya mbao ili magurudumu yaingie vizuri chini yake. Dirishani akaweka pazia la maua mekundu, mke wake ndiye aliyelishona.

Kila asubuhi alikuwa akisimama mlangoni, "Takwenya, Fadumo!"

"Iko, mzee," Fadumo anaitikia kwa Kimaa kama alivyofundishwa. Halafu anamtajia kitabu, mzee anapanda juu, anashuka nacho pamoja na vingine viwili alivyovikuta karibu nacho, labda vitamfaa.

Mkuu wa maktaba akapenda sana. Akabandika karatasi mlangoni: CHUMBA CHA FADUMO, USISUMBUE. Wageni wa chuo wakija wanaletwa kukiona. Wanachungulia, wanatabasamu, wanaenda zao. Mimi nilijidai na hicho chumba sokoni mpaka watu wakachoka.

Na kweli hakusumbuliwa. Hakuna aliyemsumbua hata siku moja. Wenzake wakifika pale mlangoni wanashusha sauti, wanapita kwa vidole vya miguu. Asubuhi hadi jioni ni mimi na yeye na hilo pazia.

Halafu kulikuwa na dari. Meza ya kikundi chao cha historia ilikuwa juu ya chumba chetu kabisa, kwa hiyo tulisikia kila kitu na hatukusikia neno. Viti vinaburutwa, mtu anapiga meza, wote wanaangua kicheko. Fadumo kalamu yake inasimama.

"Kina Ouma wameanza," ananiambia.

"Umejuaje ni Ouma?"

"Kile kiti kinacholia ndicho chake. Anakisukuma nyuma akitaka kubishana."

Ouma na Nzembi walikuwa wa darasa lake. Nikaona isiwe taabu, nikapanda juu mwenyewe nikawaambia washuke, wasomee chini na mwenzao. Wakashuka, watu wazuri tu. Lakini chumba hakikuwatosha, wengine wakasimama ukutani, wanaongea kwa kunong'ona. Kila Fadumo akisema kitu wanatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. Nzembi alikuwa amemletea pakiti ya maziwa.

Walipoenda Fadumo akaitazama ile pakiti. "Nilikuwa nangoja waniulize nimelazwa lini," akasema.

Hawakurudi tena. Kesho yake tukasikia viti vinaburutwa juu.

Mwaka wa tatu akapiga moyo konde, akaniambia nimsukume kwa mkuu wa maktaba. Akaomba njia ya kupanda juu. Yule mkuu hakuwa mtu mbaya, alishangaa tu kabisa kabisa.

"Lakini Fadumo, wewe uko na chumba! Hakuna mwanafunzi mwingine hapa ako na chumba chake."

Alimwambia vile kwa upole, tena akatuagizia chai. Mimi nilichemka, nikafungua mdomo, Fadumo akanifinya mkono. Njiani, tulipofika kwenye bucha, akaniambia nisimamishe kiti. Alikuwa analia. Fadumo halii ovyo.

"Hawatanijengea kamwe, Nasro. Si kwa ubaya. Wanaona nimeshapata."

"Utamaliza tu, abaayo. Umebakisha kidogo."

"Tangu niingie hicho chuo hakuna mtu amewahi kuniambia nimekosea. Hata mmoja. Nikisema kitu wanaitikia."

"Sasa hiyo ni mbaya?"

"Watu hubishana na mtu," akasema. "Mimi wananitembelea."

Nikasukuma kiti mpaka nyumbani bila kutukana mtu.

Asubuhi iliyofuata nikashtuka kumwona amevaa suruali ndefu chini ya dera, na viganja amevifunga vitambaa kutoka kibandani kwangu. Hakunieleza kitu. Tulipoingia maktaba nikageuza kiti kuelekea chumbani kama siku zote.

"Siyo huko. Nipeleke kwenye ngazi."

Nikampeleka, nikamshusha. Akakaa kwenye ngazi ya kwanza, mgongo ameuelekeza juu, akaweka viganja kwenye ngazi ya pili. Hapo mzee Sironka akatokea na funguo zake.

"Takwenya, Fadumo."

"Iko, mzee. Mzee, nisamehe. Leo chumba sikitaki."

Nilimwona mzee uso ukimshuka. Akatazama ngazi, akatazama vile vitambaa, akatazama mlango wa chumba alichokipaka rangi. Wanafunzi walikuwa wameanza kuingia, mifuko begani, na wanaume watatu wanne walikuwa wameshasimama kushangaa. Mzee akaingia chumbani. Akatoka na lile pazia la maua mekundu. Akalikunjua, akalishika mikono imenyooka pande zote mbili, akasimama mbele ya ngazi akiwa amempa Fadumo mgongo.

"Ngojeni," akawaambia.

"Mzee, kuna nini?"

"Kuna mtu anapanda."

Wakangoja. Fadumo akajiinua kwa mikono, ngazi moja. Akavuta miguu. Akajiinua tena. Mimi nafuata na magongo yake, yale ya kutembelea hatua chache nyumbani, naona jasho linavyomtoka, naona vitambaa vinavyochanika. Katikati akatulia kupumua, nikamwambia nijaribu kumbeba sasa, hakuna anayeona.

"Nasro, nitakuuma. Wallahi nitakuuma."

Akafika. Nikamsimamisha kwa magongo, akatembea ile miburuto yake mpaka kwenye meza ya kikundi. Wote wakasimama wima. Nzembi akaanza kutafuta kitu cha kumwekea kwenye kiti.

"Ketini," Fadumo akasema, pumzi bado haijatulia. "Mlikuwa mnasema nini?"

Walikuwa kwenye ile mikataba ya ardhi ya Wamaasai na wakoloni, nani aliweka kidole na kwa nini. Fadumo akasema lake. Wakatikisa vichwa, ndiyo, ndiyo. Mikono yote ile imechubuka, na bado ni ndiyo, ndiyo!

Ndipo kiti kikalia. Ouma alikuwa amekisukuma nyuma.

"Hapana," akasema. "Hapo umekosea. Tena umekosea vibaya sana."

Nzembi akampiga teke chini ya meza. Mimi nilitaka kumzaba kofi, nilikuwa nimeshapiga hatua. Kisha nikamwona Fadumo. Uso wote ulikuwa umefunguka, machozi yanamtoka na hayajali.

"Nimekosea wapi?" akauliza kwa sauti ya juu, yeye ambaye hata nyumbani hasikiki. "Sema! Nimekosea wapi?"

Wakaanza. Huyu anadakia, yule anapiga meza, mtu wa meza nyingine anawaambia shhh. Fadumo akanyanyua macho akaniona bado nimesimama nyuma yake, mkononi vile vitambaa vilivyochanika nilivyomfungua.

"Nenda tu, abaayo," akaniambia. "Nikimaliza nitakuita."

Nikashuka. Chumbani mzee Sironka alikuwa ameketi kwenye kiti changu, pazia ameliweka mapajani, jua linaingia dirishani moja kwa moja mpaka kwenye ile meza iliyoinuliwa. Akasogea nikakaa. Akatoa chupa yake ya chai, akanimiminia kwenye kifuniko.

Juu viti vikaburutwa. Mtu akapiga meza. Kisha wakaangua kicheko, na katikati yake kulikuwa na kicheko kimoja kikubwa cha mwanamke ambacho sikuwahi kukisikia maishani mwangu.

"Ni yeye?" mzee akauliza, macho kwenye dari.

"Ni yeye."

Tukanywa ile chai hadi ikaisha. Mzee akakunja pazia, akaondoka kwenda kupanga vitabu vyake. Nikabaki mimi, nimekaa nangoja kuitwa, na hadi maktaba inafungwa hakuna aliyeniita.