Kwa Miguu Hadi Monasteri ya Dada

Mama alipopanda kutoka Beni kuja kwangu Butembo, nilimwambia wazi kwamba tutautembea mji kwa miguu, kisha tutaendelea hadi monasteri iliyoko nje ya mji, njia ya Musienene. Dada yangu ni mtawa huko, mwaka wa tisa sasa, na Mama, mjane wa mzee wa kanisa la Kiprotestanti, hakuwahi kukanyaga hata langoni. Kila nilipomtembelea dada, aliniuliza kama Mama atakuja. Nilikuwa nimechoka kumtungia visingizio.

"Muji nitaona," Mama alisema. "Ile ingine, tutaangalia."

Tulitoka asubuhi, ukungu bado umekaa juu ya mikaratusi. Mama amezoea joto la Mbau na Beni. Alijifunga vitenge viwili juu ya sweta yangu, akailaumu baridi kana kwamba mimi ndiye niliyeiagiza. Nilimwonyesha maghorofa ya wafanyabiashara, yale yanayoongezwa ghorofa moja moja, vyuma vikichungulia juu kungojea ghorofa ijayo. Najivunia mji huu kupita kiasi, nakubali. Mama alitazama juu, akauliza ni nani anayefagia ngazi zote hizo.

Kanisa kuu la Wakatoliki alilizunguka kwa nje. Aligusa matofali kwa kiganja, akasema mafundi walifanya kazi. Kwa Mama hiyo ni sifa kubwa sana, nami nikaanza kutumaini.

Sokoni akanichelewesha. Alinunua maharagi, unga wa muhogo, chumvi, sabuni, na jogoo aliyemchagua baada ya kumpuliza manyoya aone kama ana mafuta. Kitunga kikajaa. Alikibeba mgongoni kwa mkanda wa paji la uso, kama wanawake wa kwetu wanavyobeba. Nilitaka kuita pikipiki, akakataa katakata.

"Tulisema miguu, ni miguu."

Barabarani chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zilituteremkia zimejaa viazi, wasukumaji wakimsalimia kwa Kinande, naye hakumwacha hata mmoja bila jibu. Mimi nilikuwa nahema, yeye anasalimia.

Langoni alisimama. Mtawa wa mapokezi, msichana mpole, alimwomba atue mzigo, akaleta kiti na maji.

"Hapana, ma sœur," Mama alisema. "Nitasimama."

Jogoo alikuwa anapiga kelele mgongoni, jasho linamtoka Mama, na bado hakuyatazama maji. Hasira zikanipanda. Nilidhani ni yale yale ya zamani, kwamba maji ya Wakatoliki hayanyweki. Nikamwuliza, kwa sauti ambayo mtu hapaswi kumtolea mamaye, kama alitembea mwendo wote ule ili aje kutuaibisha.

"Weye ulipoolewa," akanijibu taratibu, "nilifika kwa bakwe yako namna gani?"

Hapo nikakumbuka. Kwetu, mama anapofika mara ya kwanza mahali binti yake alipoolewa, hatui mzigo mwenyewe wala hanywi maji, mpaka mama mkwe wa binti atoke amtue.

"Huyu pia alioleka," Mama akasema. "Njo minangojea. Mama mukwe yake ni nani hapa?"

Sikujua nicheke au nilie. Nikakimbilia ndani. Mama mkuu wa watawa, mwanamke wa Lubero aliyelingana na Mama kwa umri, alikuwa jikoni. Nilianza kumweleza, hakuniacha nimalize. Alijifunga kitenge juu ya kanzu yake ya kitawa, akatoka mbio mbio, akamvua Mama mkanda na kukibeba kitunga yeye mwenyewe.

"Karibu, mukwe. Tulikungojea sana."

"Nilikawia," Mama alisema. "Uchungu ilinishika."

Kisha akanywa maji, kikombe kizima, akaomba kingine.

Dada alikuwa ameitwa kutoka shambani. Alikuja anakimbia, akasimama hatua chache kutoka kwetu, hajui kama anaruhusiwa kusogea. Mama alimwona. Hakumwendea. Alimshika mama mkuu mikono yote miwili.

"Mutoto wenu njo huyu. Nilimukomalisha muzuri. Akikosa, mumukaripie. Akigonjwa, muniite."

Maneno hayo Mama huyasema mara moja tu kwa kila binti. Mimi niliyasikia siku ya arusi yangu, nimevaa gauni jeupe, ukoo mzima unapiga vigelegele, wala sikuyatilia maanani. Dada yangu aliyasikia akiwa na udongo wa viazi hadi kwenye viwiko, miaka tisa baada ya kuondoka nyumbani bila mtu kumsindikiza. Alikaa chini palepale kwenye majani.