Bomba la Kilima Mawe limenyamaza, Ngwali bado anasikiliza

Jua liko utosini na Kilima Mawe kimya. Kuku wamejibanza chini ya vitanda vya kamba, karafuu zimeanikwa bila mlinzi. Huu ndio wakati ambao mtu mwenye akili zake hatoki nje. Wenyewe, wale wasioonekana, wanapita, watakwambia wazee, na wenyewe hao hawapendi kupishana na mtu.

Ngwali Himid ametoka. Amepiga magoti kando ya njia, sikio ameliegemeza kwenye bomba la chuma, kama mposaji anayetegea maneno mlangoni kwa wakwe.

"Halisemi," ananong'ona.

Ni habari njema hiyo. Bomba lililojaa maji halina neno. Lakini Ngwali hainuki.

Yeye ndiye mtunza bomba wa kitongoji hiki kilicho juu ya Wesha. Kamati ya maji humlipa mwezi mmoja fedha, mwezi wa pili ahadi. Mkewe, Moza, amekwisha kuzoea. "Mke mwenzangu ana kutu," anasema huku akicheka, "lakini ndiye anayeamkiwa mwanzo."

Bomba lenyewe lina vituko. Linatoka kwenye tangi lenye pampu ya umeme, linazama bonde la mpunga, linapanda mgongo wa mlima, halafu linateremka kidogo hadi kwenye mfereji, koki wanakoteka watu. Umeme ukikatika, maji hurudi bondeni na hewa ikaingia. Umeme ukirudi, maji na hewa hukutana humo humo gizani, na kila mmoja anadai njia ni yake.

"Hewa nyepesi, hupanda ikakaa pale mgongoni kama bwana harusi," anaeleza Ngwali. "Maji yakija hayana pa kupita. Yanajikusanya fungu moja, yanasukuma, yanarudi. Ndio ule mkoromo."

Kwa ajili hiyo, juu kabisa ya mlima pamewekwa valvu ya kutolea hewa. Kilimani wanaiita pua. Pua ikipumua, maji yanapita.

Mwaka huu pua haikupumua. Mfereji ulikauka, wanawake wakarudia kisima cha bondeni, ndoo kichwani, mlima mbele. Na kila mchana, jua likisimama, mlimani ikawa inashuka sauti ndefu, nyembamba, inayoanza kama mtu anayevuta pumzi na kuishia kama mtu anayeita.

Maaaa.

Watu wakafunga madirisha. Kamati ikamwambia Ngwali: maji yasipotoka kabla ya Ramadhani, bomba linafukuliwa, linapelekwa kitongoji kingine.

Akapanda kutazama. Akaikuta pua imefungwa kitambaa, imekazwa barabara, juu yake limewekwa yai.

"N'licheka," anasema. "Nikasema, yakhe, hata bomba lavishwa hirizi!"

Kisha akakitambua kitambaa. Kilikuwa kikoi cha Ame, rafiki yake waliyechimba naye mtaro wa bomba hilo hilo, bega kwa bega. Ame alianguka kutoka kwenye mkarafuu msimu uliopita, hakufika hospitali.

Kicheko kikaisha. Ngwali hakukigusa kikoi. Akateremka moja kwa moja hadi kwa Bi Mwanamize, mama yake Ame.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kunifungulia mwanangu?"

"Bibi, ile ni hewa. Inapenya kwenye kitambaa, inapiga mluzi."

"Hewa haina mama. Ile yaniita maa."

"Watu hawana maji, bibi."

"Na mie sina mtoto. Nikimwacha atoke puani, atakwenda wapi?"

Ngwali akaaga. Siku ya pili akarudi na mpira mweupe unaoonyesha ndani, ule wa waashi wa kupimia usawa wa ukuta. Akaujaza maji yaliyotiwa rangi nyekundu ya kutilia ukili wa mikeka, akaulaza barazani, katikati akaupandisha juu ya kinu kilichofudikizwa. Kinu ndio mlima. Povu moja la hewa likapanda pole pole, likakaa pale juu. Akamimina maji zaidi: yakafika kwenye povu, yakatetemeka, yakarudi.

Bi Mwanamize akainama mpaka ushungi ukagusa mpira.

"Hapo ndipo alipo?"

"Hapo ndipo ilipo hewa, bibi."

Ngwali akautoboa mpira kwa sindano, pale pale juu. Ukasikika mluzi mwembamba, kisha maji mekundu yakavuka yote kwa mara moja. Bi Mwanamize alishtuka kama aliyechomwa yeye.

Akageuka kutazama njia. Walikuwa wakipita wanawake na ndoo zao, wakihema.

"Nimeiona hewa," akasema. "Aitaye sijamwona. Lakini Ame hakuwa mtu wa kuwanyima watu maji. Nipeleke, nimfungue mwenyewe. Usimguse weye."

Kule juu akakifungua kikoi kwa mikono yake, fundo baada ya fundo. Bomba likashusha pumzi, ndefu, nzito, mpaka majani ya mikarafuu ya karibu yakatikisika. Halafu kimya. Halafu, chini kule, vigelegele: mfereji unatoka.

Bi Mwanamize alikikunja kikoi, akateremka, akateka maji wa mwisho kabisa.

Tangu siku hiyo bomba limejaa. Ngwali analijaribu kila asubuhi: hata povu hamna. Sasa ana mpango wa kuijengea pua kizimba cha chuma, na ameiomba kamati valvu nyingine ya bondeni, ya kuzuia maji yasirudi, ili Ramadhani ikiingia watu wafuturu kwa maji ya mferejini.

Basi bomba limejaa na halina neno. Kwa nini anapiga magoti hapa juani?

Ngwali anafuta jasho. "Limeniita," anasema. "Si maa. Ngwali. Jina langu lote, na sauti naijua. Juzi mara moja, jana mara moja."

Kilimani kila mtoto hufundishwa: ukiitwa na usiyemwona, usiitike mpaka mara ya tatu. Mja wa Mungu huita tatu. Asiye mja huchoka njiani.

"Na leo likiita?"

Analirudisha sikio kwenye chuma, pole pole.

"N'taitika," anasema. "N'tamwambia, mama yako hajambo. Maji yamefika."